Uchambuzi wa kisa: Familia moja, laki nane, na kompyuta isiyopanda daladala

Kisa hiki ni cha nyumba moja hapa Dar es Salaam. Mtaa siutaji, majina nimeyatoa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili wasijulikane, ila yaliyotokea ndo haya haya. Nakiandika kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kuniuliza fundi hivi saivi bado kuna haja ya kuweka kompyuta ya mezani nyumbani au ni kujaza tu sebule, na mi jibu langu lilikuwa mdomoni siku zote, chukua ile ya mezani ndogo, bei nafuu na haili umeme, basi. Hii nyumba ilinionyesha kwamba nilikuwa napatia jibu lakini sababu naikosea.

Nyumba yenyewe

Watu watano. Mama anashona sare za shule, ana vyerehani vitatu kwenye banda la uani. Mzee anafanya kazi ya zamu na ni mweka hazina wa kikoba chao. Binti yuko chuo mwaka wa pili, anakaa hosteli, wikiendi anarudi. Kijana kidato cha tatu, halafu kuna Mdogo wa darasa la tano ambaye kwenye kisa hiki ana nafasi kubwa kuliko umri wake.

Walikuwa na laptopu moja ya miaka mingi, bawaba zimevunjika, kioo kinaegemezwa kwenye kopo la unga wa maziwa, betri imevimba mpaka ile sehemu ya kupapasia mausi imeinuka kama andazi. Hiyo betri niliitoa siku ileile niliyoenda kabla hata sijapewa maji ya kunywa. Jamani betri iliyovimba usiiminye, usiitoboe, usiendelee kuichaji ukisema itanywea, haitanywea.

Kitu ambacho nilikiona siku hiyo na sikukitilia maanani ni hiki. Wote walikuwa wanaiita "laptopu ya nyumbani". Lakini nilipouliza mara ya mwisho Mama ameitumia lini, akacheka, "fundi, hii inakuja Ijumaa inaondoka Jumapili." Kijana naye hakukumbuka. Yaani laptopu ya nyumbani ilikuwa inaishi hosteli.

Walichokuwa nacho mezani

Ilikuwa Januari 2025, shule zinafunguliwa, Mama yuko katikati ya msimu wa sare na hela ya oda imeingia. Bajeti laki nane, haizidi. Njia zilikuwa nne hivi.

Kwanza kutengeneza ile laptopu, bawaba, betri na tundu la chaji. Fundi mwenzangu akasema inawezekana ila hakuapa.

Pili laptopu mpya kabisa ya dukani, ile ya boksi. Kwa hela ile unapata prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi, Windows ikijisasisha mara mbili imejaa, na huwezi kuongeza kitu. Hii niliikataa mimi na sijutii.

Tatu laptopu ya mtumba, prosesa yake Intel i5 kizazi cha 8, tuliambiwa 650,000.

Nne deskitopu ndogo ya mtumba, zile zilizotoka maofisini nje, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny. Kama hujawahi kuziona, EliteDesk 800 G4 Mini ina upana wa sentimita 17.7 na unene wa 3.4, inaweza kukaa juu ya daftari la kaunta na daftari likaonekana pembeni. Ndani yake ni kompyuta kamili, hadi adapta ya umeme ni ileile ya laptopu, volti 19.5 yenye kipini cha bluu, ambayo imejaa kila duka la chaja. Hilo la chaja watu wanalidharau mpaka siku chaja inakufa.

Wapo wanaosema hizi mashine zinaondoka sokoni, na ni kweli Intel waliacha kutengeneza NUC, kompyuta zao ndogo, mwaka 2023 na kazi ikachukuliwa na ASUS. Lakini Apple walitoa Mac mini ya kwanza mwaka 2005 kwa dola 499 na mwaka 2024 wametoa nyingine ndogo zaidi kwa dola 599, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kitu kimekufa. Kwa huku kwetu hata hivyo wala siyo mpya zinazotuhusu, tunachosubiri ni ofisi za Ulaya zibadilishe mashine.

Zipo pia zile mpya za Kichina zenye prosesa ya Intel N100, zinakula umeme kidogo mno. Niliziangalia. Kwa hela inayokaribiana, i5-8500T iliyo kwenye hizi za mtumba ina nguvu zaidi na RAM yake unaweza kuweka vipande viwili, wakati N100 inatumia mkondo mmoja tu wa RAM. Nikaziacha.

Uamuzi, na ubishi wake

Nikawashauri njia ya nne. Hoja yangu niliyompa Mzee ilikuwa ya bei, nikamwandikia kwenye karatasi: mashine 430,000, monita ya mtumba ya inchi 22 130,000, kibodi na mausi 25,000. Jumla 585,000. Nikamwambia, mzee hapa umeokoa 65,000 ukilinganisha na ile laptopu, na monita kubwa juu. Ikumbukeni hiyo karatasi.

Mzee yeye alikuwa ameshapata nyingine ya bei chini zaidi. Kuna i5 kizazi cha 7, inafanana kabisa, sura ileile, pungufu ya 90,000. "Sasa fundi, mimi macho yangu hayaoni tofauti." Na kweli kwa macho haionekani. Tofauti ni kwamba Windows 10 ilikuwa imeshatangaziwa mwisho wake, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8, ukiacha vichache sana vya cha 7, na inataka TPM 2.0, kichipu cha usalama. Yaani ile ya bei chini ilikuwa inanunuliwa Januari na Oktoba inaachwa barabarani. Nilimfundisha kusoma namba, kwa mashine za umri huu tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, 8500T ni cha 8, 7500T ni cha 7, na T ya mwisho ni kwamba prosesa yake imepangiwa wati 35. Akaelewa, akatoa hela, ila alinung'unika njia nzima.

Aliyenibishia kwa hoja alikuwa Binti. Alipigiwa simu ikiwa tumeshaamua, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Lakini hiyo mashine haipandi daladala." Tukacheka. Hakuna aliyemjibu.

Dukani

Mashine ya kwanza tuliyopewa ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Nikaiwasha, nikabonyeza F10 kuingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla Windows haijawaka (kwa HP ni F10, Dell ni F2, Lenovo F1), ikaomba paswedi. Muuzaji akasema haina shida bosi, Windows inawaka. Windows inawaka kweli, lakini paswedi ya BIOS ya ofisi ya watu huko ilikotoka maana yake siku ukitaka kubadilisha mpangilio wa kuwaka, au kuweka Windows upya kwa flashi, unaweza kukwama, na mashine hizi za kiofisi siyo kama zamani unachomoa kabetri kadogo ka bodi paswedi inafutika. Nikairudisha. Ya pili ikafunguka, nikaangalia TPM iko imewashwa, nikaangalia afya ya SSD, yaani diski yake, nikaifungua kifuniko kuona feni. Vumbi tu. Tukalipa.

Hapo nilijiona fundi kweli kweli. Kumbe sijaangalia nyuma.

Usiku wa kwanza

Tumefika nyumbani, meza imetengwa sebuleni, watoto wamekaa kwenye mkeka kama wanasubiri mechi. Monita ina matundu ya picha ya VGA na HDMI. Mashine nyuma ina DisplayPort mbili, HDMI hamna, VGA hamna. Kwenye begi langu kulikuwa na kebo nne na hakuna hata moja inayofaa. Saa moja na nusu usiku, duka gani limefunguliwa. Mdogo akaniuliza kama nimesomea.

Kesho yake nikaleta kebo ya DisplayPort kwenda HDMI, 15,000. Angalizo hapo, hizi kebo nyingi zina upande wa kuingilia na upande wa kutokea, ile ya HDMI kwenda DisplayPort ni kitu kingine, dukani zinafanana na muuzaji atakwambia zote sawa.

Picha ikaja. Intaneti haikuja. Mashine nyingi za ofisini zilikuwa zinatumia kebo ya mtandao ukutani, kwa hiyo waliozinunua hawakulipia kadi ya waifai, na yetu haikuwa nayo. Usiku ule tukachomeka simu ya Mzee kwa kebo ya USB tukatumia bando lake, inafanya kazi vizuri tu kwa dharura, kesho yake kikanunuliwa kidude cha waifai cha USB, 20,000. Sauti nayo, kaspika ka ndani kanatoa mlio kama redio iliyofunikwa na sufuria, spika ndogo 20,000. Kamera haina. Kijana akisoma masomo ya Zoom anatumia simu mpaka leo.

Umeme

Wiki ya pili. Mama alikuwa ameshaipenda, anaingiza vipimo vya sare kwenye Excel, jina la mtoto, kifua, kiuno, urefu wa suruali, ameshalipa nani na nani bado. Oda ya watoto 43. Amekaa toka magharibi. Saa tatu kasoro umeme ukakata.

Hakuwa amesevu hata mara moja, na faili alikuwa hajalipa jina. Kilichookolewa na Excel yenyewe ilikuwa vipande tu, watoto kama kumi na kitu. Hakunigombeza, ndo kibaya zaidi. Alirudi kwenye daftari wiki mbili nzima na nilipopiga simu aliniambia, "mwanangu, daftari halizimiki."

Hili ni kosa langu na naliweka wazi. Laptopu hata iwe mbovu ina betri, umeme ukikata unajua dakika kumi baadaye. Deskitopu inazima papo hapo. Kwenye miji ambayo umeme unakatika, kununua deskitopu bila UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikata, ni kununua nusu mashine, na mi kwenye karatasi yangu UPS sikuiandika kwa sababu nilitaka jumla ionekane ndogo. Ndo ukweli.

UPS ikanunuliwa, ya VA 650, 140,000. Na hapa ndo udogo wa mashine ulipoanza kulipa. Ikiwa inafanya kazi za kawaida mashine inakula kama wati 15 mpaka 20 na monita kama 20, tuseme 40 jumla. UPS ya aina hiyo ndani ina betri moja ya volti 12 ampea 7, ikibebeshwa lile sipiyu kubwa la zamani, yaani deskitopu ya boksi refu, na monita yake, wati 100 na kuendelea, unapata muda wa kusevu na kusali tu. Kwa wati 40 tulipima, ilikaa dakika 41. Tukachomeka na ruta humo humo, kwa hiyo umeme ukikata hata intaneti haikati. Majirani walikuwa wanakuja.

Kwa upande wa LUKU, wati 40 kwa saa sita kwa siku ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi, na uniti ikiwa kama shilingi 356 ukishajumlisha kodi na tozo, unapata kama 2,600. Sipiyu kubwa ingekula zaidi ya mara mbili ya hapo. Ila kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ya bei ya chini ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi na tayari mnatumia 70, hizo 7 zinaweza kukuvusha mstari, na hapo hesabu inabadilika. Kapige hesabu yako kabla ya kununua.

Binti

Mwezi wa pili Binti akaja na mzigo wa kazi za chuo. Hana kitu hosteli, anaandika kwenye simu, anaomba laptopu za wenzake usiku wakilala. Kukawa na maneno. Mama anasema mashine ipo, njoo utumie, Binti anasema nije Jumanne usiku kwa nauli gani.

Mwisho tukarudia ile laptopu ya zamani. Bawaba zikapigwa araldaiti na skurubu mbili za kupitiliza, tundu la chaji likachomelewa, betri haikununuliwa, inawaka kwa chaja tu. Gharama 70,000. Hosteli kuna soketi karibu na kitanda, kwa hiyo inamtosha. Haipendezi, ila ni yake sasa, na hakuna anayemwambia airudishe Jumapili.

Miezi kumi baadaye

Niliwatembelea Novemba. Mashine ipo palepale, pembeni ya kabati la vyombo. Kila mtu ana akaunti yake, ya Mdogo ina muda. Kwenye ukuta kuna karatasi ya ratiba, Kijana baada ya maghribi mpaka saa mbili na nusu, Mama anafuata, Mzee na hesabu za kikoba Jumamosi asubuhi. Mdogo ndo polisi wa ratiba. Windows 11 iliingia bila ubishi, tuliongeza RAM kutoka 8 kwenda 16, kazi ya dakika tano na skurubu moja. Jirani yao aliyenunua ile ya kizazi cha 7 niliyoikataa amekuja kwangu Oktoba, nimemwekea Linux, analalamika ila anaendelea.

Mama alirudi kwenye Excel baada ya UPS. Daftari hajaliacha. Anaandika kotekote, na kwa yaliyomkuta simlaumu.

Gharama kamili ya deskitopu ilifika 780,000. Ile karatasi yangu ilisema 585,000. Yaani badala ya kuokoa 65,000 wamelipa 130,000 zaidi ya laptopu ya mtumba, bila kuhesabu RAM ya kuongeza na matengenezo ya Binti.

Nini kilifaulu, nini kilifeli

Kilichofeli ni hoja ya bei. Deskitopu ndogo ya mtumba siyo laptopu ya bei chini, ukishaweka monita, UPS, waifai na takataka ndogondogo mmelingana au umepitiliza. Kama una monita tayari, au TV yenye HDMI ambayo hakuna anayeigombania jioni, hapo hesabu inarudi upande wako, lakini nyumba yenye tamthilia saa tatu usiku TV siyo monita, msijidanganye.

Kilichofeli cha pili ni kwamba niliuliza wanataka kufanya nini, sikuuliza wanataka kuifanyia wapi. Ningeuliza hilo, Binti angejitokeza siku ya kwanza, na pengine ningesema laptopu ya zamani itengenezwe kwanza kwa ajili yake halafu ndo tuzungumze ya nyumbani. Alilisema mwenyewe kwenye simu, sisi tukacheka.

Ukaguzi wa dukani ulifaulu pale nilipokuwa na mazoea, BIOS, kizazi, SSD, na ukafeli pale ambapo nilidhani kila kompyuta ina waifai kwa sababu ya kwangu inayo. Saivi kabla ya kulipa nageuza mashine nyuma na kuhesabu matundu kwa kidole mbele ya muuzaji. Anaona nachelewesha. Achelewe.

Sasa kwa nini nasema bado napatia jibu. Kwa sababu kwa mara ya kwanza nyumba ile ina kompyuta ambayo Jumatatu jioni ipo. Laptopu i5 ya 650,000 ingekuwa nzuri zaidi kwa kila kipimo, ina kamera, ina betri, ina waifai, na ingeondoka na Binti Jumapili ileile ya kwanza, au ingeingia chumbani kwa Kijana ikafungiwa mlango. Kitu kinachobebeka humfuata mwenye nguvu au mwenye shida kubwa zaidi, na kwenye nyumba ya watu watano Mama na Mdogo hawakuwa hao. Hii imefungwa na waya tano, imekaa sebuleni watu wote wanaona kioo, hakuna wa kuibeba. Uzito wake wala haufiki kilo mbili, ila hakuna anayehangaika kuchomoa zile waya.

Kwa mtu anayeishi peke yake chumba kimoja, mi simshauri, achukue laptopu. Kwa mwanafunzi wa chuo, hapana. Kwa nyumba yenye watu zaidi ya watatu, biashara ndogo ya ndani, na sehemu ya meza isiyohamishwa wageni wakija, nitaishauri tena kesho, ila karatasi yangu saivi inaanza na UPS.

Novemba ile niliiskia UPS inalia pii pii mapema, dakika 41 zimekuwa 25. Betri imeanza kuchoka. Mzee alikuwa ameshauliza bei ya UPS nzima dukani, nikamwambia asinunue, afungue chini aitoe ile betri ya volti 12 ampea 7 aende nayo mkononi, wauza solar wanazo.